Mtoto wa miezi 20 hatulii: nimwekee kizuizi au nipange nyumba upya?

Mama Nasra:
Habari zenu wazazi wenzangu. Mwanangu ana miezi 20, na tangu aamke hadi alale hatulii. Jana nilikuwa nakunja nguo, kugeuka tu nikamkuta kasimama juu ya meza na glasi mkononi. Kiti alikivuta mwenyewe! Nafikiria ama ninunue kile kizuizi cha mbao, akae humo nikiwa na kazi, ama niondoe kila cha hatari sebuleni azunguke atakavyo. Baba yake anasema tumpe simu. Mliopitia haya, kipi kiliwafaa?

Mama Pacha:
Pole mama. Mimi nilinunua kizuizi. Kilinifaa wakati wa kuoga na kupika, basi. Wanangu walikaa dakika kumi, kumi na tano, halafu kilio. Na huyo wako aliyekwisha panda meza, siku si nyingi atakanyaga midoli avuke. Ungeuliza alipokuwa na miezi 8 ningekwambia kanunue.

Baba Imran:
Mimi nasema panga nyumba. Nilipiga magoti nikatambaa sebule nzima, nione anachokiona yeye. Nikakuta waya wa pasi unaning'inia na rimoti ambayo kifuniko chake kimelegea. Zile betri bapa za duara ziogopeni sana: mtoto akimeza, inaweza kumuunguza koo ndani ya saa 2, kwa hiyo ni hospitali moja kwa moja hata kama anacheka. Kabati na rafu nimezikaza ukutani kwa skrubu, maana wanazipanda kama ngazi.

Ila kumwambia "acha" kila kona kunamchosha yeye na wewe. Tulimwachia droo moja ya chini iwe yake, yenye vifuniko vya plastiki, mwiko na vitambaa. Akikatazwa kwingine anakimbilia kwake, anamwaga vyote, anavirudisha kimoja kimoja. Droo hiyo imetusaidia kuliko midoli yote.

Mwalimu wa Wadogo:
Dada, kabla ya yote mtoe nje. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa mwili kila siku, na usingizi wa saa 11 hadi 14 ukijumlisha wa mchana. Simu haishauriwi kabisa akiwa na mwaka 1. Akitimiza miaka 2, isizidi saa 1 kwa siku. Shemeji asinichukie, ila hapo siungi mkono.

Wangu nilimzoesha kukimbia asubuhi kabla sijagusa kazi yoyote, na mchana ukawa mwepesi. Uangalie na usingizi. Mtoto wa umri huo akichoka sana huwa halegei, ndiyo kwanza anapanda makochi.

Mama Nasra:
Asanteni sana. Na kumchapa? Nyumbani naambiwa namdekeza.

Bibi Wajukuu Saba:
Mwanangu, usimchape. Wangu wa kwanza nilimchapa, na hadi leo naumia nikikumbuka. Alijifunza kunitazama usoni tu, nikitoka, anarudia. Ukimwambia "usipande" hajui afanye nini badala yake. Mwambie "miguu chini", umshushe kwa mkono wako, umpe mto aurukie hapo sakafuni. Utarudia mara ishirini kwa siku, na huko si kudekeza, ndiyo malezi yenyewe.

Mama Nasra:
Nimeamua kupanga nyumba. Kizuizi nitaazima kwa dada yangu kwa ajili ya kupika tu. Leo nimetambaa kama Baba Imran, na chini ya kochi nimeokota sarafu mbili na kifuniko cha kalamu. Mwili umenisisimka.

Baba Imran:
Umefanya vizuri mama. Sasa nenda bafuni ukamwage maji ya ndoo kama yapo. Hata yakiwa kina cha sentimita chache, yanaweza kumzamisha mtoto.