Siti ya pikipiki kwa safari ndefu: sponji jipya, jeli au mto wa upepo?

Mwanakusini
Wakuu, salaam. Natumia Boxer 150. Mizunguko yangu ni Mtwara hadi Masasi kupitia Mingoyo, na mara mojamoja naenda nayo mpaka Dar, zaidi ya kilomita 550. Lindi nafika nikiwa mzima. Nikipita Nangurukuru makalio yanaanza kuwaka, nikikaribia Somanga nakaa upandeupande. Naona njia tatu: fundi abadilishe sponji, ninunue mto wa jeli wa kuweka juu, au mto wa upepo. Siti kamili za watengenezaji Corbin na Sargent nimeziangalia, ila wanalenga pikipiki kubwa, hizi zetu hazimo. Mwenye uzoefu anisaidie.

Fundi Siti Masasi
Mkuu, kabla hujatoa hela, sema panauma wapi hasa. Ikiwa ni ile mifupa miwili ya kukalia, sponji limekufa na unakalia plastiki ya chini. Ikiwa ni kifandugu, au unajikuta unateleza kwenda kwenye tanki, shida ni umbo la siti. Mapaja yakifa ganzi kwa ndani, kingo zimekaa vibaya.

Wateja wengi wanakuja wakitaka laini. Sponji la godoro linapendeza ukilibonyeza kwa mkono, lakini ukilikalia muda mrefu linalala lote, uzito unarudi palepale kwenye mifupa. Mimi naweka tabaka mbili. Chini sponji gumu la vipande vilivyogandishwa, lile la rangi mchanganyiko. Juu yake sponji la wastani, unene wa vidole viwili hivi. Nyuma napatanua ili makalio yote yabebe uzito, mbele napaacha pembamba miguu ifike chini. Sehemu ya kukalia iwe sawa, isiinamie tanki. Na gundi isijazwe pale unapokalia, maana ikikauka inakuwa ngumu na utaisikia kila shimo.

Dada wa Mikindani
Mto wa jeli nimeutumia, nauzungumzia kwa kuujua. Kwa safari za mjini uko vizuri. Lakini uegeshe juani pale Lindi saa saba mchana: jeli inanyonya joto na kukaa nalo, ukipanda unaungua hata kama suruali ni nzito. Mimi nafunika siti kwa kanga kila nikishuka. Tena mto wenyewe ni mwembamba. Ukiuweka juu ya sponji lililokufa, hakuna kilichobadilika.

Afisa Ugani Newala
Mto wa upepo ndio ninaotumia kwenye DT 125, na kwa lami sioni mpinzani wake. Uzito unasambaa, hewa inapita chini yako, jasho linapungua. Wengi wanaulaumu kwa sababu wanaujaza hadi unakuwa mgumu kama mpira wa miguu, wanayumba juu yake. Utaratibu ni huu: jaza, kaa, kisha fungua valvu kidogokidogo mpaka ubaki unaelea kidogo tu juu ya siti. Ukipoozwa na mvua au ukipata joto kali, angalia tena.

Kwenye vumbi ninapozungukia wakulima wa korosho, nautoa. Kona za mchanga zinataka uisikie pikipiki, na kwenye makorongo nasimama juu ya vikanyagio, magoti yafanye kazi. Pia mwiba mmoja unatosha kuumaliza.

Mzee wa Mnazi Mmoja
Vijana, mnasahau shokapu. Pikipiki nyingi za shokapu mbili zina ngazi za kukaza na kulegeza springi. Msimu wa korosho watu wanakaza mpaka mwisho kwa ajili ya magunia, kisha wanasafiri peke yao hivyohivyo. Hapo hata siti ya dhahabu itakuumiza. Mwanakusini, legeza kwanza, angalia na upepo wa tairi, ndipo uihukumu siti.

Mwanakusini
Shikamoo mzee. Kweli nimekaza mpaka mwisho, leo jioni nalegeza. Fundi, maumivu ni ya mifupa miwili. Na mvua je? Siti yangu ikinyeshewa inabaki na maji kwa siku kadhaa.

Fundi Siti Masasi
Maji yanaingia kwenye mshono. Mwambie fundi yeyote utakayempata asipitishe mshono katikati pale unapokalia, aupeleke pembeni. Chini ya kava atandike nailoni nzito. Na usikubali apige pini kabla hujaikalia: sponji likiwa limekatwa, liweke kwenye pikipiki bila kava, kaa kwa muda mrefu, zungusha mtaani. Akikuta panabana anapunguza kwa grenda yenye msasa. Kava likishapigwa, kurudia ni kazi mpya na gharama mpya.

Kwa hali yako ningeanza na sponji. Mto wa upepo uununue baadaye, kwa safari za Dar tu.

Dada wa Mikindani
Kaka fundi, na sisi wafupi? Hizo tabaka mbili zitaninyanyua, nishindwe kukanyaga chini kwenye foleni.

Fundi Siti Masasi
Dada, siongezi juu ya la zamani. Nalikata lile la kiwandani kwenda chini, kisha naweka jipya mpaka kimo kilekile. Ukija, vaa viatu unavyoendeshea, nikupime ukiwa umekanyaga.