Naomba ushauri: fundi anataka kukata menifodi ya hewa ya lori langu

Mchukuzi wa Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninamiliki lori la Canter lenye injini ya dizeli ya 4D33 isiyo na tabo (kipulizio cha kuisukumia injini hewa), ambalo kazi yake kubwa hapa Pemba ni kupakia saruji bandarini Mkoani na kuipeleka Chake na Wete, na msimu wa karafuu ukifika huchukua magunia. Mzigo wangu wa kawaida ni mifuko 70 ya kilo 50, yaani tani tatu na nusu. Kwa miaka minne lori hili lilikuwa likipanda kilima cha kutoka bandarini kwa gia ya pili bila ya taabu yoyote, lakini tangu Ramadhani iliyopita linapanda kwa gia ya kwanza huku likitetemeka, na utingo wangu hushuka akatembea kwa miguu. Mara mbili amefika juu kabla yetu.

Fundi wangu anasema kwamba menifodi ya kiwandani, yaani bomba linalozigawia silinda hewa, inaibana injini. Anataka kulikata sanduku lake la juu, achomee mabomba manne mafupi ya inchi mbili na nusu, kisha apanue kwa grainda matundu ya menifodi na ya silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) ili hewa ipite bila ya kizuizi. Ameniomba shilingi laki sita na nusu za kazi peke yake, na amenionesha video za malori ya Marekani yaliyofanyiwa hivyo. Ninaomba kujua kama kweli nguvu itaongezeka, na kama kuna madhara ambayo nitayajutia baadaye.

Kijana wa Konde

Kaka, mimi ningekubali. Injini ni pafu, na mtu akizibwa pua hawezi kubeba gunia. Video hizo nimeziona na mimi, na wanapima nguvu kabla na baada kwa mashine, kwa hiyo si maneno matupu.

Fundi Pampu, Chake

Bwana Mchukuzi, kabla hatujaikata menifodi ya watu, nijibu jambo moja. Lori likiwa limezidiwa kilimani, moshi wake una rangi gani? Kama hakuna moshi na nguvu haipo, injini imekosa dizeli, na hapo utazame filta ya dizeli, pampu ya mkono na mipira ya kutoka tangini. Kama moshi ni mweusi, ama hewa haitoshi ama nozeli, yaani vinyunyizio vya dizeli, zinatiririsha badala ya kunyunyiza. Tena uhakikishe kwamba klachi haitelezi na kwamba breki hazijashika, kwa sababu nimeshaletewa pampu tatu nzima za kupimwa na ugonjwa ukawa kwenye breki za nyuma.

Mchukuzi wa Wete

Moshi ni mweusi, tena mzito kiasi cha watu wa madukani kunilaani. Klachi ni ya mwaka jana, na breki nimezitazama jana kwa kuliinua lori na kuyazungusha magurudumu kwa mkono, yanazunguka vizuri.

Ami wa Mkunazini

Wa alaykum salaam. Nimefanya kazi ya injini za lori na za boti hapa Unguja kwa muda mrefu, na suala hili la kukata menifodi hunijia kila baada ya muda, kwa hiyo uniruhusu nirefushe kidogo.

Video alizoonesha fundi wako ni za injini za petroli za silinda nane. Katika injini ya petroli dereva anapokanyaga mafuta huwa anafungua kipepeo cha hewa, na petroli huifuata hewa kwa kipimo cha karibu kilo moja ya petroli kwa kilo 14.7 za hewa. Ukiiongezea hewa, karibureta au kompyuta yake huongeza petroli, na nguvu hupatikana. Dizeli yako imekaa kinyume. Hewa huingia muda wote bila ya kuzuiliwa, na mguu wako huamrisha pampu imwage dizeli nyingi au kidogo. Tuseme menifodi mpya imezijaza silinda kwa asilimia tatu zaidi. Pampu haina habari hiyo. Itamwaga kipimo kilekile cha jana, na utakachopata ni moshi kupungua kidogo tu. Nguvu ingekuja ungeipandisha pampu pia, na ukiipandisha bila ya kipimo unapandisha joto la pistoni.

Tuingie kwenye hesabu. Injini yako ni ya lita 4.2, na hunywa ujazo wake mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki. Kwa mizunguko 3,200 kwa dakika hiyo ni lita 6,700 hivi za karatasini. Kwa kuwa silinda hazijai kikamilifu, tuchukue asilimia 85, tubakie na lita 5,700 kila dakika. Menifodi ya kiwandani iliundwa kwa ajili ya kiasi hicho, na ndiyo hiyohiyo iliyokupandisha kilimani kwa miaka minne. Haikusinyaa Ramadhani. Kitu ambacho hakikubadilika hakiwezi kuwa sababu ya badiliko, na hili ndilo ningependa ulitafakari kabla hujatoa hata shilingi moja.

Jambo jengine ni urefu wa mabomba. Mabomba mafupi na mapana huifaa injini inayokwenda mbio sana, kwa sababu mawimbi ya hewa ndani yake hurudi upesi. Mabomba marefu huijaza silinda kwenye mizunguko ya chini, na kilimani wewe unahitaji msukumo kwenye mizunguko 1,800 hivi. Huko juu ambako mabomba mafupi yangeanza kufanya kazi, gavana, kile kidhibiti cha mizunguko, imeshaizuia injini zamani.

Grainda ndani ya silinda hedi ndiyo inayonitia hofu zaidi. Injini hii humwaga dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, na ili ichanganyike, tundu la kuingizia hewa limepindwa makusudi ili hewa iingie ikizunguka kama maji yanayokorogwa kwa mwiko. Fundi akilinyoosha tundu hilo kwa kudhani ni kasoro ya kiwandani, hewa itaingia nyingi lakini imelala, dizeli haitachanganyika, na moshi utazidi kuliko huu wa leo.

Dereva Mstaafu

Ami amesema ya kitaalamu, nami niongeze ya macho yangu. Lori nililokuwa nikiliendesha lilichongwa menifodi katika gereji moja ambayo sitaitaja. Waliisafisha kwa kuipuliza kwa kompresa, wakaifunga, nasi tukaondoka tukiwa na furaha. Baada ya wiki mbili lilianza kula oili. Hedi ilipofunguliwa, ukuta wa silinda ya tatu ulikuwa na mistari ya wima ambayo ukipitisha ukucha unakwama, na kwenye kichwa cha pistoni kulikuwa na chembe za aluminiamu zilizogandamana. Vumbi la grainda hujificha kwenye mafuta mazito yaliyoganda ndani ya menifodi, na upepo wa kompresa hauliondoi. Huoshwa kwa dizeli na brashi, kisha kwa sabuni na maji ya moto, mara mbili au tatu.

Kijana wa Konde

Ami, nimekuelewa kuhusu petroli na dizeli, na ninakubali kwamba nilikurupuka. Lakini moshi mweusi si ushahidi kwamba hewa haitoshi? Kama si menifodi, hewa inazuiliwa wapi?

Fundi Pampu, Chake

Hilo ndilo suali lenyewe, kijana, na jawabu lake halihitaji grainda. Linahitaji mita tatu za mpira mwembamba wa plastiki unaoonesha ndani, ule wa kupimia usawa wa ukuta ambao kila mwashi anao.

Bwana Mchukuzi, uupigilie mpira kwenye ubao wa mita moja na nusu kwa umbo la herufi U, uujaze maji nusu, na uyatie rangi kidogo ili uyaone vizuri. Ncha moja uiache wazi, na nyengine uiunganishe kwenye bomba la hewa karibu kabisa na mdomo wa menifodi, baada ya filta na baada ya mipira yote. Usiiunganishe kwenye kopo la filta, kwa sababu kama kizuizi kipo mbele zaidi hutakiona. Uweke gia huru, magurudumu uyatie magogo, kisha mtu mmoja akanyage mafuta hadi mwisho kwa muda mfupi huku wewe ukitazama maji. Injini isiyo na tabo hunywa takriban hewa ileile kwa mizunguko ileile, ibebe saruji au isibebe, kwa hiyo kipimo hiki unaweza kukifanya uani kwako.

Pima tofauti ya kimo baina ya pande mbili za maji. Kwa injini kama yako mpaka unaokubalika ni karibu milimita 500. Ikizidi hapo, injini inavuta hewa kama mtu anayevuta uji kwa mrija wa soda. Toa filta, upime tena. Ukitoa kitu na maji yakashuka sana, hicho ndicho mwizi wako. Ila usiiendeshe injini bila ya filta kwenye vumbi. Mwagia uwanja maji kwanza, na usizidishe nusu dakika.

Mchukuzi wa Wete

Nimekwisha kupima, na nimeona nieleze kwa utaratibu. Kila kitu kikiwa mahali pake, tofauti ya maji ilikuwa milimita 820. Nilipotoa filta ilishuka hadi 700, nikafahamu kwamba filta ina lawama ndogo tu. Ndipo nikamwambia utingo akanyage tena, nami nikayakodolea macho mabomba yenyewe badala ya maji. Kiwiko cha mpira kilicho baina ya kopo la filta na bomba la menifodi kilinywea mbele ya macho yangu, pande mbili zikakaribia kugusana, na mguu wake ulipotoka kwenye pedeli kikajirudisha kama hakikufanya lolote. Kikiwa kimetulia hukidhanii ubaya wowote, na fundi wangu amekipita kwa mikono yake mara nyingi.

Nilikifungua. Ndani yake mna waya uliozungushwa kama springi, ambao kazi yake ni kuuzuia mpira usinywee. Waya huo umeliwa na kutu ukakatika vipande vipande, na vipande viwili vya urefu wa kucha vilikuwa vimelala chini ya bomba, upande wa injini. Nimeviweka kwenye kikombe dukani kwangu. Mpira wenyewe umelainika, na ukiukamua unaacha oili mkononi.

Ami wa Mkunazini

Alhamdulillahi kwamba vipande hivyo havikuendelea na safari. Hiyo ndiyo chumvi yetu ya visiwani, na lori linaloshinda bandarini hupata mara mbili. Oili uliyoiona hutokana na mvuke wa injini unaorudishwa kwenye bomba la hewa. Kidogo ni kawaida, ikiwa nyingi utazame ringi za pistoni. Utafute kiwiko kipya chenye mbavu nene au waya mzima, na klipu za chuma kisichoshika kutu, kwani klipu ikilegea baada ya filta injini hunywa vumbi mbichi, na hilo ni baya kuliko kukosa hewa. Ulikague na bomba la kuvutia hewa nyuma ya kibini mpaka mwisho wake. Nimewahi kukuta kiota cha nyigu wa udongo humo, kikubwa kama ngumi.

Nalo bomba hilo lisije likaondolewa kwa kutafuta mlio mzuri, maana naona vijana wanalifanya. Hewa ya nje ya nyuzi 30 ikilinganishwa na ya nyuzi 60 iliyoko karibu na ekzosi, hii ya moto ni nyepesi kwa karibu asilimia tisa. Hakuna menifodi ya kuchonga itakayokurudishia asilimia tisa.

Kama fundi wako bado anataka kuigusa menifodi, na bila shaka anataka, basi aifungue, aioshe, aweke rula ya chuma kwenye uso wake kuona kama umepinda, na alinganishe gasketi na matundu. Gasketi za bei nafuu mara nyingi hukaa nusu ndani ya njia ya hewa. Hayo ninayaruhusu, na mwisho wa grainda uwe hapo.

Mchukuzi wa Wete

Kiwiko nimekipata Unguja, kimevuka na meli ya Alhamisi. Kwa filta ya zamani maji yalisimama kwenye milimita 360, na kwa filta mpya 290. Fundi aliifungua menifodi nikiwepo, na gasketi iliyokuwemo si ya injini hii hata kidogo: ilifunika ukingo wa kila tundu kwa upana wa njiti ya kiberiti. Tumeiweka ya sawasawa, na kazi yote nimemlipa elfu arubaini. Aliona haya kidogo, lakini vipimo alivipenda, na ule mpira wenye maji ameniomba ubaki kwake.

Jana nimepanda kutoka bandarini na mifuko 70 kwa gia ya pili. Moshi upo bado pale ninapoanza kuondoka, mwembamba, kisha unakatika. Fundi Pampu, je, nikuletee nozeli zipimwe, au niache?

Fundi Pampu, Chake

Zilete zote nne, usilete moja unayoishuku. Uzifunge kila moja kwa kitambaa safi na uandike namba ya silinda, na pia ununue washa (pete bapa) mpya za shaba za kukalia nozeli. Zile za zamani zikishabanwa mara moja hazikamati tena, na gesi itavuja pembeni ya nozeli. Jumamosi asubuhi nipo, kabla ya saa nne.