Kumnyang'anya mwanafunzi stiki mkononi katikati ya pigo ndiyo kufundisha drams?

Kushoto_Kwanza (mleta uzi)

Wakuu, naandika mikono bado inatetemeka, herufi zikirukaruka mtanivumilia. Ndiyo kwanza natoka kwa yule bwana. Simtaji. Kila aliyewahi kukaa kwenye kigoda cha drams akitaka kujifunza anamjua: anavaa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha, anafundisha macho yakiwa kwenye simu, na ukimuuliza swali lolote chini ya jua jibu lake ni "utazoea". Huyo huyo.

AMENINYANG'ANYA STIKI. Mkononi. Katikati ya kupiga.

Nilikuwa napiga lile pigo ambalo kila anayeanza hupewa: hai-hati (vile visahani viwili vya chuma kwenye stendi) mara nane, kiki (ngoma kubwa ya mguu) kwenye moja na tatu, snea (ngoma ndogo ya mbele) kwenye mbili na nne. Moja na mbili na tatu na nne na. Basi! Sikuomba solo. Sikugusa hata tomu, zile ngoma nyingine. Na nilikuwa nimeshalipata: baa (mzunguko wa moja mpaka nne) ya kwanza imekaa, ya pili imekaa, ya tatu naingia kwenye "mbili", stiki ya snea iko juu, inashuka, naona mkono unashuka mtupu. Stiki haipo. Kaichomoa kama mtu anayemnyang'anya mtoto wembe. Halafu akachukua na ya pili, maana moja haikumtosha.

Mbele ya darasa zima. Akampa mtoto aliyekuja kumsindikiza dada yake, miguu haifiki hata kwenye pedali, akanigeukia: "Wewe hesabu, wenzako wapige."

Wewe hesabu! Nimelipa ada ili nihesabu mpaka nne? Mpaka nne nilifika sijaota meno!

Na kisa chenyewe? Eti nimepiga hai-hati kwa mkono wa kushoto. Mimi natumia kushoto, nimezaliwa hivyo. Hai-hati iko kushoto, mkono wangu wenye nguvu uko kushoto, nivushe mkono wa kulia juu ya snea niende kutafuta nini? Yeye anasema drams "zina mkono wake". Metronomu, kile kifaa cha kugonga mwendo, tangu nianze sijawahi kuisikia mle ndani. Anahesabu kwa kugonga kidole, anaanza mapigo 70 kwa dakika, akikumbuka mtu anayemdai anafika 110, na ukiachwa nyuma wewe ndiye huna masikio.

Hayo yote ningemeza. Lakini stiki ilikuwa HEWANI, wakuu. Ilikuwa inashuka.

Snea_Kavu

Huyo jamaa! Mimi aliniambia nishike stiki "kwa upole", siku iliyofuata "kwa nguvu", siku ya tatu akasema tatizo langu ni mabega. Ufundishaji wake wote ni hali ya hewa ya moyo wake. Pole sana mkuu.

MzeeWaBesi

Umepiga baa mbili na nusu, umeandika malalamiko ya baa mia tatu. Stiki ikichomoka kirahisi hivyo ujue hukuishika. Kidole gumba na cha shahada ndivyo vinavyobana, vingine vitatu vinasindikiza. Mwalimu amekupima, umefeli. Uzi ufungwe.

Kushoto_Kwanza

@MzeeWaBesi wewe umefunzwa na yeye, naona mpaka lugha ni ile ile. Stiki haibanwi kwa kufa na kupona, inatakiwa idunde yenyewe inaporudi kutoka kwenye ngozi. Ukiibana unajiumiza kifundo cha mkono. Niliishika sawasawa, ndiyo maana aliweza kuichomoa! Na alichomoa ikiwa HEWANI!

Snea_Kavu

Hewani tena, wakuu 😂

Paradido_Mbichi

Naomba niseme la msingi kabla uzi haujaharibika. Kupiga hai-hati kwa kushoto bila kupishanisha mikono ni mtindo unaojulikana, wapigaji wakubwa wanautumia. Billy Cobham, mzaliwa wa Panama, anapiga hivyo. Simon Phillips vilevile. Na kwa upande mwingine Ringo Starr wa Beatles ni wa kushoto lakini alipiga drams zilizopangwa kwa mtu wa kulia, na ule ugeni wa mikono ukampa mipito yake (vile vipande vya kuunganisha sehemu za wimbo) ambayo wengine wanahangaika kuiiga. Phil Collins yeye ni wa kushoto na akageuza seti nzima. Njia zote tatu zipo. Mwalimu asiyezijua hajui kazi.

Kushoto_Kwanza

ASANTE. Msomeni huyu. Cobham angeenda pale angeambiwa "wewe hesabu". Angenyang'anywa stiki! Cobham!

MzeeWaBesi

Cobham ameshajua paradido. Mleta uzi anajua moja na mbili.

Tomu_la_Sakafuni

Samahani, paradido ndiyo nini? Nimeanza juzi tu.

Paradido_Mbichi

Kulia-kushoto-kulia-kulia, kushoto-kulia-kushoto-kushoto. Unarudia. Faida yake mkono unaoongoza unabadilika wenyewe kila baada ya mapigo manne, kwa hiyo ule mdhaifu haupati mahali pa kujificha. Iko kwenye orodha ya mapigo ya msingi 40 ya Percussive Arts Society, chama cha wapiga ngoma. Anza mapigo 60 kwa dakika, kwenye padi ya mazoezi, mikono yote ipande kimo kimoja. Ukiona mmoja unapanda zaidi, punguza mwendo. Usiongeze mpaka ikuchoshe masikio kwa usawa wake.

Tomu_la_Sakafuni

Shukrani mkuu. Mimi tatizo langu ni mguu. Mkono wa kulia ukipiga na mguu wa kulia unapiga, hata sijautuma. Nikiuzuia mguu, mkono nao unasimama.

Kiki_ya_Usiku

Hilo linampata kila mtu. Toa snea kwanza. Hai-hati na kiki tu, polepole mpaka uone aibu, kiki kwenye moja na tatu. Hesabu kwa SAUTI, mdomo ndio unaovifunga viungo pamoja. Ikikaa, rudisha snea. Watu wanapiga vyote mara moja halafu wanalia kwamba hawana kipaji.

Kushoto_Kwanza

Mguu wangu hauna tatizo hilo. Mguu wangu uliendelea kupiga kiki hata BAADA ya kunyang'anywa stiki! Muulizeni yeyote aliyekuwepo! Moja na tatu, mikono mitupu, mguu uko kazini, na yeye anampa mtoto stiki zangu! Zangu, nimekuja nazo mwenyewe!

Snea_Kavu

Subiri. Stiki zilikuwa ZAKO? Hapo sasa naelewa hasira. Umerudishiwa?

Kushoto_Kwanza

Moja. Nyingine mtoto ameondoka nayo.

MzeeWaBesi

Nimecheka mpaka nimeamsha watu ndani. Mtoto ana kipaji huyo.

Krashi_Imepasuka

Nyie mnalia stiki moja? Mimi nina jirani anayegonga ukuta nikipiga PADI. Padi ya mpira! Haisikiki hata chumba cha pili! Nikipiga anagonga, nikinyamaza anagonga akiuliza mbona nimenyamaza. Na mbaya zaidi anagonga nje ya mwendo. Kama ni kunigombeza, nigombeze kwenye mbili na nne.

Kiki_ya_Usiku

Afadhali jirani. Kuna mpiga gitaa wetu, hamhitaji jina, kila bendi inaye. Mazoezi yakianza anatuni. Yakiisha anatuni. Katikati anapiga kwa sauti inayobomoa kuta, halafu anamgeukia mpiga drams: "punguza kidogo". Seti kamili ndani ya chumba kidogo inavuka desibeli 100 bila kujitahidi, kweli, ndiyo maana nawaambia vijana wavae vizibo vya masikio tangu siku ya kwanza, masikio yakiharibika hayarudi. Lakini yeye na ile spika yake hapaswi kunifundisha utulivu!

Snea_Kavu

Waimbaji je? Anaingia nusu baa mapema, anageuka nyuma kukutazama wewe.

Kiki_ya_Usiku

Anakutazama KWA HURUMA. Hapo ndipo damu huchemka.

Kushoto_Kwanza

Wakuu, turudi kwenye mada. Mtu amechomoa stiki

Krashi_Imepasuka

Tumekusikia ndugu yangu. Rick Allen, mpiga drams wa bendi ya Def Leppard, alipoteza mkono mzima wa kushoto kwenye ajali ya gari, Desemba 1984, akajipanga upya, kazi ya mkono akaipeleka kwenye pedali za mguu wa kushoto, akarudi jukwaani. Wewe umepoteza stiki. Nunua nyingine.

Kushoto_Kwanza

Rick Allen hakuambiwa na mwalimu wake "wewe hesabu" mbele ya watoto!

Tomu_la_Sakafuni

Nami naulizia hapo hapo, mtu anayeanza anunue stiki gani? Dukani nimeona 7A, 5A, 2B, nikachanganyikiwa nikatoka.

Paradido_Mbichi

5A, usiumize kichwa. 7A nyembamba, 2B nene na nzito. Ziviringishe juu ya meza kabla ya kulipa, inayoyumba imepinda, iache.

MzeeWaBesi

2B! Vijana mnalea mikono. Jifunze na nzito, nyepesi itakuja yenyewe.

Paradido_Mbichi

Ushauri huo ndio umejaza watu maumivu ya vifundo. Mzee, acha.

MzeeWaBesi

Nimepiga kabla hujazaliwa.

Snea_Kavu

Kwenye bendi yetu kuna mwizi wa nati za stendi za krashi, vile visahani vikubwa. Si stendi, si krashi. Nati! Ile nati ya juu yenye mabawa! Na anaacha vile vitambaa vya chini pale pale. Anazipeleka wapi?

Krashi_Imepasuka

Huyo ndiye mwenye ufunguo wangu wa kukazia ngozi. Hakuna mpiga drams duniani mwenye ufunguo wake, wote tunazungushiana mmoja.

Kiki_ya_Usiku

Jamani pedali yangu inalia. Kila kiki, "nyii". Nimepaka mafuta bawaba, nimebadilisha springi, nimekaza kila kitu. Kwenye rekodi inasikika kuliko ngoma yenyewe. Fundi amekula hela yangu, simtaji.

Paradido_Mbichi

Inuka kwenye kigoda, bonyeza pedali kwa mkono. Ikinyamaza, kinacholia si pedali.

Kiki_ya_Usiku

…

Kiki_ya_Usiku

Ni kigoda.

MzeeWaBesi

Fundi ni nani huyo? Ana mkono mmoja umefungwa bandeji? Maana na mimi amenichukulia stendi ya hai-hati, simu hapokei.