Ujerumani: kadi ya fursa au viza ya kazi?

Muuguzi wa Kasarani: Ndugu zangu, nina stashahada ya uuguzi na cheti cha Kijerumani cha kiwango cha msingi cha A2. Je, niombe ile kadi ya fursa ambayo Ujerumani ilianza kuitoa tarehe 1 Juni 2024, au nitafute mwajiri kwanza?

Mkaazi wa Buruburu: Dada, kadi hiyo humruhusu mtu kukaa huko hadi mwaka mmoja akitafuta kazi, huku akifanya vibarua visivyozidi saa 20 kwa wiki, lakini ni lazima uthibitishe kwamba una pesa za kujikimu, na kwa wengi wetu hapo ndipo pagumu. Isitoshe, uuguzi ni taaluma inayodhibitiwa na sheria: stashahada yako isipotambuliwa rasmi, hutaajiriwa kama muuguzi kamili. Anza na utambuzi huo.

Mama wa Umoja: Naunga mkono. Binti yangu alipata mwajiri kwanza, akasafiri kwa viza ya kukamilisha utambuzi wa taaluma, kisha akapewa kibali cha ukaazi na ofisi ya wageni ya mji anakoishi. Nakusihi, mwanangu, usimlipe wakala anayekuahidi njia ya mkato. Mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi ambao Kenya na Ujerumani zilitia saini Septemba 2024 haukumwondolea mtu masharti ya viza.