Amebandua kikaratasi changu! Mbele yangu! Na biskuti mdomoni!

Mbeba Boksi Mchovu (mleta mada)

Wakuu habari za mchana, huku kwangu ughaibuni ndo kwanza kunakucha, sijalala na silali mpaka niiseme hii. Yule jamaa wa reli. Sina haja ya kumtaja, mliopo mji huu mnamjua, yule wa koti la kijani na viatu vya kupandia Kilimanjaro wakati safari yake kubwa ni kutoka kwenye lifti mpaka kwenye gari. Huyo huyo. Jana kanibandulia kikaratasi.

Iko hivi. Wanataka kurefusha treni ya mjini ipite upande wetu. Safi, nani anakataa treni. Wakaita wananchi ukumbi wa maktaba, ramani imetandikwa meza nzima kama kitambaa cha Idi, pembeni kahawa ya kijivu na biskuti, na kila anayeingia anapewa kikaratasi cha njano chenye gundi nyuma, andika maoni yako ubandike pale yanapohusu. Mimi nimetoka shifti ya usiku, nimegeuza wazee kumi na wawili vitandani, miguu imeumuka kama maandazi, nikasema leo silali, leo nashiriki maendeleo. Nikaandika kwa herufi kubwa KITUO HAPA, HAPA WANAISHI WATU. Nikabandika kwenye makutano yetu, pale kwa Msomali wa duka. Nikapiga na kiganja ili kishike.

Yule bwana akaja anatafuna. Akasoma. Akatabasamu. Halafu krrrp. Kabandua. Wakuu mimi nimesimama PALE PALE, kidole changu bado kina gundi! Akakipeleka ubao wa pembeni umeandikwa MENGINEYO, akakibandika juu ya cha mtu aliyeuliza choo kiko wapi.

Kisa eti kituo kiko karibu. Karibu! Kituo na kituo wameachanisha maili moja, kilomita moja na nusu na ushee, na sisi tuko katikati kabisa kama nyama kwenye sambusa. Akanionyesha maduara yake. Kila kituo kachora duara la bluu, anasema aliyemo ndani ya duara anatembea dakika 10 tu. Nikamwambia kaka yangu, hili duara limekatiza juu ya barabara kuu ya njia nane, nivuke kwa miguu au niruke kama mwewe? Maana daraja la kuvukia liko kule mwisho wa dunia. Na Januari huku theluji inafika magotini, na mamdogo ninayekaa naye ana goti moja la kwake na moja la hospitali. Akasema "kutakuwa na basi la kuunganisha."

Basi lenyewe sasa. Lililopo leo linapita mlangoni kila dakika 10, hilo wanalipunguza lisishindane na treni, halafu linakuja jingine la nusu saa nusu saa la kukupeleka kituoni. Nikaenda kuangalia ratiba yao ya mfano ukutani. Treni inaingia 1:02. Basi linaondoka 1:00. Dakika mbili! Yaani unashuka kwenye treni unaliona tako la basi linaishia kwenye kona, unalijua mpaka namba ya usajili, halafu unakaa dakika 28 unageuka samaki wa friji.

Lakini hayo ningemeza, kuna mengi nimemeza nchi za watu. Kikaratasi! Si angesubiri nigeuke? Hata mchawi anasubiri usiku! Anabandua mchana kweupe, taa zinawaka, biskuti mdomoni, makombo yanaangukia mtaa wetu kwenye ramani.

Nina hasira.

Mpwa wa Tandika

Uzi bila picha ni uvumi. Weka picha ya kikaratasi.

Dada Kisamvu

Swali dogo tu kaka, biskuti wewe ulikula ngapi?

Mbeba Boksi Mchovu

Nne. Haihusiani.

babu_mkokoteni

Kitambaa cha Idi, maandazi, sambusa, biskuti, samaki wa friji. Huyu hana tatizo la usafiri, huyu ana njaa. Kula kwanza mjukuu wangu halafu uandike tena.

Mpwa wa Tandika

😂😂😂 babu kamaliza uzi

Mbeba Boksi Mchovu

Chekeni tu. Mnajua kile kisauti cha gundi ikiachia? Krrrp. Nimekisikia mpaka bafuni asubuhi hii, kumbe ni mamdogo anafungua plasta ya goti.

Kijana wa Mbezi Ndani

Mkuu una bahati ya kubanduliwa kikaratasi, maana yake ulipewa kikaratasi. Sisi nani alituuliza? Mei 2016 mabasi ya mwendo wa haraka yameanza Morogoro Road, daladala zikaondolewa barabarani humo, tukaambiwa mambo safi. Mimi nakaa Mbezi ya ndani, siyo hii mnayoiona barabarani. Asubuhi bodaboda mpaka lami, basi mpaka Kimara, na pale Kimara ndo mwendo unaanza kuitwa kasi. Kabla ya hapo ni mwendo wa kawaida wa mwanadamu. Juzi pale getini nimeingia na viatu viwili nimetokea upande wa pili na kimoja, na siyo changu. Nimekaa nacho ofisini siku nzima, namba 39, mimi navaa 43. Hicho ndo cha kulalamikia, siyo stika.

Dada Kisamvu

Cha kike au cha kiume?

Kijana wa Mbezi Ndani

Cha kike. Cheusi. Kama ni chako njoo PM na changu.

Fundi Mita

Mleta mada ana hoja ila kaizika chini ya biskuti, ngoja niichimbue. Treni ya mjini kila inaposimama inakula kama dakika nzima ukihesabu breki, milango na kuchanganya tena. Weka vituo kumi zaidi umemuongezea anayetoka mwisho wa reli dakika kumi. Kwa hiyo wa mbali anataka vituo vichache, wa katikati anataka kila kona. Ndo maana wengi wanaangukia karibu mita 800 kwenye mitaa yenye watu, maana ukiwa nusu ya hapo pande zote unatembea mita 400 na hakuna anayekufa. Ukiweka maili nzima mahali ambapo watu hawana magari, unakuwa umejenga treni ya kupita juu yao.

Na hili halijaanza na wewe. St. Paul, Minnesota, ile treni ya kuunganisha na Minneapolis iliyofunguliwa Juni 2014, kwenye ramani za mwanzo ilikuwa inaruka vituo vitatu, Western, Victoria na Hamline, ndani ya mitaa ya watu weusi na wahamiaji wanaoishi kwa basi. Basi namba 16 lilikuwa linasimama karibu kila kona, treni ikaja na maili kwa maili. Kisa kilikuwa hesabu ya serikali kuu, mradi ukizidi gharama kulinganisha na muda unaookolewa hupati hela, na kituo kinaongeza gharama halafu kinapunguza mwendo, kinakula kotekote. Watu wakakomaa miaka. Kwanza wakapewa ahadi ya misingi chini ya ardhi tu, vituo vije baadaye. Mwanzoni mwa 2010 serikali ikalegeza ile hesabu, vituo vitatu vikaingia kwenye mradi na vikafunguliwa siku moja na vingine. Basi la 16 hata hivyo lilipunguzwa, ila wakaongeza mabasi ya kukatiza kaskazini na kusini, na hilo ndo watu wanasahau, basi la kuunganisha halitakiwi kukimbia sambamba na reli kama mbwa wa jirani, linatakiwa likatize.

Na yale maduara mtu asikudanganye. Duara unachora kwa bikari, mtu anatembea kwa njia. Ukiweka barabara kuu au mto katikati, nusu ya duara inabaki mapambo.

Kijana wa Mbezi Ndani

Fundi hiyo ni komenti au barua ya posa?

babu_mkokoteni

Nimesoma mpaka kwenye bikari nikakumbuka fimbo za mwalimu wa hesabu nikaacha.

Mbeba Boksi Mchovu

Fundi Mita Mungu akubariki, umeelewa. Sasa niambie, hao wa St. Paul walibandika vikaratasi vingapi?

Fundi Mita

Hawakutegemea vikaratasi. Walienda wengi, wenye maduka, makanisa, wazee, kila kikao wapo. Wewe umeenda peke yako na usingizi.

Mbeba Boksi Mchovu

Nilienda na mamdogo! Alikuwa kwenye kiti pale karibu na kahawa! Na yeye kashuhudia, anasema alivyobandua alitumia vidole viwili, kama mtu anayetoa nzi kwenye mchuzi. Vidole viwili wakuu.

Dada Kisamvu

MCHUZI 😂😂 familia nzima ina njaa

Mzee wa Bole

Nimeishi Addis miaka mitatu kwa biashara, treni yao ile nimeipanda tangu ilipofunguliwa Septemba 2015. Njia mbili, vituo 39, vituo vyenyewe vimekaa karibu karibu kabisa. Kwa hiyo kwenye umbali hawakukosea sana. Kazi iko kwenye kukifikia. Sehemu nyingi reli imepita katikati ya barabara, huku ukuta huku uzio, duka unaliona upande wa pili muuzaji anakupungia mkono unampungia, lakini kumfikia unazunguka mpaka viatu viombe likizo. Halafu ukishuka jioni, basi dogo la bluu na nyeupe la kukupeleka mtaani kwako lina foleni imejipanga mstari kama ubatizo. Watu wapole lakini. Hakuna anayesukumana.

Kijana wa Mbezi Ndani

Foleni ya mstari? Hii chai.

Mzee wa Bole

Wallahi mstari. Hata mvua inyeshe.

Kijana wa Mbezi Ndani

Hiyo nchi imeendelea, mengine ni wivu tu.

Mwana Miritini

Nyinyi mwalia maili moja? Njooni Mombasa. Tangu 2017 treni yatoka Nairobi yaja mbio, viyoyozi, madirisha makubwa, watu wapiga picha tembo wa Tsavo, halafu yakushusha Miritini. Miritini! Si mjini, ni kule nje kabisa. Hapo mgeni wangu afikiri kafika, ashampigia mkewe simu "nimefika Mombasa". Hajafika popote. Bado Changamwe, bado Makupa, matrela ya bandarini yamejipanga mpaka wasahau walikuwa waenda wapi. Mjomba wangu alikuja kwa harusi, treni ilimleta vizuri, lakini kutoka stesheni hadi Majengo alifika pilau ishaliwa, abaki kukwangua ukoko.

babu_mkokoteni

Huyo naye kaleta pilau. Uzi huu ni wa mama ntilie.

Kijana wa Mbezi Ndani

Mwana Miritini usishindane na Mbezi. Wewe unasafiri mara moja kwa mwaka kwenye harusi, mimi kila siku ya Mungu.

Mwana Miritini

Mimi nakaa Miritini ndugu yangu. Jina hulioni? Kila siku naenda mjini kazini.

Kijana wa Mbezi Ndani

Basi treni imekushusha nyumbani, unalalamika nini?

Mwana Miritini

Treni yaleta WAGENI. Wageni waja kwangu. Mie ndiye kituo cha kuunganisha.

Mpwa wa Tandika

Hiyo nimeielewa kabisa, nina binamu wa aina hiyo watatu sasa hivi sebuleni.

Mbeba Boksi Mchovu

Wakuu samahani, taarifa mpya. Nimeongea na jirani aliyebaki mpaka mwisho wa kikao. Anasema walivyokuwa wanakunja meza kile kikaratasi kilidondoka chenyewe kwenye ubao wa MENGINEYO, kikaangukia zulia, na yule bwana akatoka nacho chini ya kiatu mpaka kwenye gari. Kumbe KITUO HAPA kimepanda gari la mtu. Na gari lenyewe la kwake binafsi, treni ya mji huu hapandi! Wiki ijayo kuna kikao kingine, nakwenda na vikaratasi mia na gundi ya fundi viatu. Abandue tuone.

Fundi Mita

Nenda na watu, siyo na gundi. Na muulize kitu kimoja tu, hiyo ratiba ya 1:02 na 1:00 nani anaisimamia, wa treni au wa basi. Mara nyingi ni watu wawili wa ofisi mbili na hawajawahi kunywa chai pamoja.

Dada Kisamvu

Chai tena. Jamani.

Kijana wa Mbezi, kile kiatu kina kamba au kifungo pembeni? Mdogo wangu anapita Kimara asubuhi na juzi karudi pekupeku.

Kijana wa Mbezi Ndani

Kifungo pembeni. Cha dhahabu, kimelegea.

Dada Kisamvu

ASTAGHAFIRU. Ni chenyewe. Mguu wa kushoto?

Kijana wa Mbezi Ndani

Wa kushoto. Mwambie anipigie, ila na changu awe nacho.

Mbeba Boksi Mchovu

Kwa hiyo kikaratasi ndo basi?

babu_mkokoteni

Kijana, kile kiatu chako kilichopotea ni cha rangi gani? Maana kuna kahawia namba 43 hapa nyumbani tunakitumia kuzuia mlango.

Kijana wa Mbezi Ndani

Babu unakaa wapi?

babu_mkokoteni

Kimara. Nyuma ya kituo. Njoo ukichukue mchana, jioni hapavukiki.