Mafuta ya chungwa yameniharibia bia lita 4, naomba ushauri

NdooMoja:
Wakuu habari zenu. Mimi natengeneza bia nyumbani, kidogo kidogo tu, lita 4 kwa mkupuo, na safari hii nilitaka inukie chungwa. Nikachukua kichupa cha mafuta ya maganda ya chungwa, yale makali kabisa, siku ya kujaza chupa nikadondosha matone 12 kwenye ndoo, nikakoroga, nikafungua koki nikaanza kujaza. Zimetoka chupa 11. Sasa jana nafungua ya kwanza, hakuna chungwa hata la kusingizia. Ya pili hivyohivyo. Nikafungua niliyojaza mwisho, weee, kama nimelamba sabuni ya vyombo, juu ya glasi kuna utando unang'aa na povu limekufa kabla sijakaa chini. Ndoo ni ileile! Nimekosea wapi, na hizi chupa zinaokoleka au nimwage?

KokiYaChini:
Pole mkuu 😂 Matone 12 kwa lita 4 ni mengi ila kosa kubwa siyo hilo. Mafuta ya chungwa mepesi yanaelea, koki iko chini, kwa hiyo chupa za mwanzo zimepata bia tupu na za mwisho zimebeba mzigo wote. Ungeweka ya karafuu ingekuwa kinyume, yale mazito yanazama, chupa ya kwanza ndo ingekutia ganzi ulimi. Na povu halipatani na mafuta hata siku moja.
Ila kwanza, kichupa kimeandikwa cha chakula? Yapo mafuta ya kunukia ya kupaka na kuchoma, hayo hayanywewi.

NdooMoja:
Cha chakula mkuu, nimesoma mara mbili.

Mama Kimea:
Achana na mafuta matupu mwanangu. Chukua chungwa, paruza ile rangi ya juu tu, ule weupe wa ndani usiuguse ni mchungu, loweka kwenye vodka siku 4 mpaka wiki, chuja kwa kitambaa safi. Hiyo inachanganyika na bia bila kukusumbua. Na pombe haiongezeki ya maana, 8 ml za vodka ya 40% kwenye lita 4 ni kama 0.08% tu.

hamira_kavu:
Mbona mnamzungusha, mimi natupia kila kitu wakati wa kuchemsha na maisha yanaenda

KokiYaChini:
@hamira_kavu jikoni kwako kunanukia vizuri basi, maana harufu karibu yote imeondoka na mvuke, na iliyobaki inafukuzwa na gesi bia ikichacha. Weka mwishoni, hamira ikishamaliza kazi.

Mama Kimea:
Na usihesabu matone, tone la vodka ni dogo kuliko la maji, utajidanganya. Tafuta bomba la sindano la 1 ml (sindano yenyewe tupa huko), mimina glasi 4 za bia, kila moja 100 ml, weka ile vodka ya chungwa ml 0.1, 0.2, 0.3 na 0.4, onja zikiwa na ubaridi uleule utakaonywea maana baridi inaficha ladha. Ukipenda ya 0.2 hiyo ni 2 ml kwa lita, yaani 8 ml ndoo yako nzima. Mimi huwa napunguza kidogo hapo, kinachopendeza kwa funda moja kinachosha glasi ikifika nusu.

PovuJeupe:
Naongezea, ukitumia arki au sharubati ya dukani soma kibandiko. Ikiwa na sukari hamira itaila ndani ya chupa na chupa inaweza kupasuka, mimi moja ilipasuka kabatini usiku nikadhani mwizi. Ikiwa na potasiamu sorbeti (kihifadhi cha vyakula) hamira inagoma, bia inabaki bila gesi.

NdooMoja:
Nimewaelewa sana. Na hizi za sasa?

PovuJeupe:
Usimwage. Zile kali zigeuze kiungo, chovya kijiko kwenye kali, koroga kwenye glasi ya isiyo na kitu, onja, ongeza. Povu lisahau.

NdooMoja:
Mrejesho: kijiko kimoja cha chai kwa glasi na chungwa limerudi 🙌 Vodka nishaloweka maganda leo. Mama Kimea, nikishachuja maganda yanafaa tena?

Mama Kimea:
Tupa, hayo yameshatoa yote.