Hii petroli stesheni ya Asmara yenye mabawa, imesimama aje bila nguzo?

KijanaWaRamani:
Wadau habari zenu. Nasomea uchoraji wa majengo hapa Nairobi na tumeambiwa kila mtu achague jengo moja la Afrika alieleze mbele ya darasa, mimi nimechukua Fiat Tagliero kule Asmara, Eritrea, ilichorwa na Muitaliano Giuseppe Pettazzi ikajengwa 1938. Ina umbo la ndege kabisa, katikati kama chumba cha rubani halafu mabawa mawili ya zege, kila moja linatokeza karibu mita 15 na hakuna nguzo hata moja. Nimejaribu modeli ya kadibodi mara tatu na kila mara mabawa yanalala. Sasa ile imekaa aje zaidi ya miaka 80? Na ile stori ya bastola ni ya kweli?

FundiUmoja:
Kijana hiyo ni kama balkoni tu, ila kubwa. Zege linapenda kukandamizwa, halipendi kuvutwa. Slabu ikining'inia hewani upande wa juu ndio unavutwa, kwa hivyo chuma kinene lazima kikae JUU na kiingie ndani kabisa ya jengo, kisiishie kwa ukuta. Kuna saiti nilikuta vijana wanamwaga zege la balkoni huku wanaikanyaga chuma, imezama mpaka chini, nikasimamisha kazi tukaiinua yote tukaiwekea viti tena, vile vishikizo vya kuinua chuma. Ungetoa propsi, zile nguzo za muda za kushikilia zege bichi, hiyo balkoni ingepasuka pale juu karibu na ukuta, na siku watu wakijaa hapo ni maafa. Halafu Pettazzi ana mabawa mawili, hili linavuta huku na lile kule, mnara unatulia katikati. Kwa modeli yako usigundishe kila bawa peke yake, kata kipande kimoja kipite toka ncha hadi ncha, na ugundishe uzi juu yake, huo ndio chuma chako.

MamaKilimani:
Hiyo ya bastola iandike kama masimulizi. Wakubwa wa mji walitaka mabawa yashikwe na nguzo, zikawekwa, na inasimuliwa siku ya kufungua Pettazzi aliagiza zitolewe, mkandarasi akaogopa, ndio akatishiwa bastola. Mabawa hayakuanguka. Lakini tafadhali mwanangu usiishie kwa Pettazzi. Huo ulikuwa wakati wa ukoloni wa Italia na mji ulikuwa umegawanywa kwa rangi, Waitaliano mitaa yao na Waeritrea yao. Majirani zangu hapa ni Waeritrea na wanaionea fahari sana hiyo stesheni, mji wao uliingia urithi wa dunia wa UNESCO 2017, na mimi naona ni haki yao kabisa, ni wao wameitunza miaka yote hii.

KijanaWaRamani:
Asanteni sana, mama nitaiweka hiyo mwanzo kabisa. Fundi, nimefanya vile umesema, kipande kimoja na uzi juu, na imesimama!! Shida ni moja, nimeweka simu kwa ncha ya bawa la kushoto modeli yote ikainama upande huo.

FundiUmoja:
Bawa liko sawa, sasa ni msingi. Mizigo isipolingana mnara ndio unabeba tofauti, na mnara wako ni mwepesi na haujashikwa chini. Tia kokoto ndani, gundisha kwa ubao mpana, kisha rudisha simu.